Pasaka kijijini Usoke: siku nane na tarumbeta la babu, kutoka Tabora hadi Ujiji

Daftari langu la safari lililowa mvua siku ya nne na kurasa mbili zikagandana. Nauli na saa za siku hiyo nimezitoa kwenye picha za simu, mengine yote ni kama nilivyoyaandika njiani.

Nilikuwa na mzigo mmoja wa muhimu: tarumbeta. Babu mzaa mama alikuwa mwinjilisti wa Moravian, kanisa la Kiprotestanti, na mpiga tarumbeta wa ushirika wake, katika kijiji kimoja upande wa Usoke, mkoani Tabora. Alipofariki mwaka 2003, mjomba alilichukua akaja nalo Dar, likatundikwa ukutani. Mwaka jana nililipeleka kwa fundi Kariakoo, akaliziba matundu mawili na kulainisha pistoni kwa 45,000. Nikaamua Pasaka ya 2025 lirudi kwao.

Siku ya 1, Jumatano 16 Aprili: Dar hadi Dodoma

Treni ya SGR, daraja la kawaida, 31,000. Tarumbeta nimelifunga kwa khanga mbili na kuliweka miguuni. Hakuna la kusimulia zaidi. Nimelala Dodoma.

Siku ya 2, Alhamisi: Dodoma hadi Tabora

Basi liliondoka saa 12 asubuhi, nauli 35,000. Konda aliliona furushi akadai 5,000 za mzigo. Mama mmoja wa makamo aliyekaa kiti cha pili akamwambia, "Mwanangu, huyo dada amebeba chombo cha ibada, mwache." Kisha akanyoosha mikono, akalipakata mwenyewe mpaka Itigi alikoshuka. Sikuwa nimemwambia ni nini. Alikuwa ameona mdomo wa shaba ukichungulia kwenye khanga.

Mbele ya Itigi tairi lilipasuka porini, tukakaa saa mbili na nusu. Wanawake wa kitongoji cha jirani walitokea na ndoo ya mahindi ya kuchemsha, mia tano moja. Mmoja aliona mtoto mchanga analia juani, akawachukua yeye na mama yake hadi kivulini kwake, akawapa maji, na hakutaka hela.

Kwa watakaopita: beba maji ya kutosha kutoka Manyoni, na usitegemee mtandao wa simu katika kile kichaka cha Itigi. Tabora nimeingia saa 12 jioni. Gesti safi yenye feni, 25,000.

Siku ya 3, Ijumaa Kuu: Tabora mjini na Kwihara

Baada ya ibada nilichukua bajaji kwenda Kwihara, kilomita kama sita kusini magharibi mwa mji. Kwenda, kusubiri na kurudi tulielewana 15,000. Pale ndipo lilipo tembe alilokaa David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi, mwaka 1872. Henry Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, alikuwa ameondoka Machi kurudi pwani, Livingstone akabaki kungoja wapagazi na vifaa mpaka Agosti. Lililopo leo ni tembe lililojengwa upya, kuta nene za udongo na mlango wa nakshi, na ndani kuna baridi hata mchana wa jua kali.

Nilikuwa nimekwenda kwa sababu ya jambo jingine, la mwaka uliofuata. Livingstone alikufa Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Abdullah Susi, James Chuma na wenzao walimzika moyo chini ya mti, wakaukausha mwili na kuubeba kwa miguu kuelekea pwani. Oktoba walifika hapa Unyanyembe, wakamkuta Mwingereza, Luteni Cameron, aliyewashauri wamzike hapahapa. Wakakataa. Walikuwa wameshatembea miezi na maiti begani, na wakaendelea mpaka Bagamoyo. Livingstone alizikwa London, katika kanisa la Westminster Abbey, tarehe 18 Aprili 1874. Nilipoangalia simu nikaona leo ni tarehe 18 Aprili. Sikupanga iwe hivyo.

Wenzake wengi hawakuwepo kwenye mazishi hayo. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye, wakati kaburi limeshafunikwa. Aliyehudhuria ni Jacob Wainwright, kijana aliyewahi kuwa mtumwa na kusomeshwa na wamisionari huko India. Nilikaa kwenye kizingiti cha tembe nikifikiria wale waliokataa. Tunapohesabu walioleta Injili bara, majina ya wabebaji huwa hatuyaweki. Mimi nayaweka.

Siku ya 4, Jumamosi: Tabora, Usoke, kijijini

Kosta hadi Usoke, 5,000, mwendo wa saa moja na kidogo. Mvua za mwisho wa masika zilikuwa bado zinanyesha. Kutoka barabara kuu hadi kijijini ni kilomita kumi na moja za njia ya mashamba, na bodaboda wawili wa kwanza walikataa. Wa tatu, kijana mwenye kofia ya baraghashia, alitazama anga na kusema, "Twende, dada, tukikwama tutasukuma."

Tulikwama mara tatu. Mara ya pili mvua ilitushika katikati ya shamba la tumbaku, akavua koti lake la plastiki, akalifunga tarumbeta badala ya kujifunika mwenyewe. Daftari langu ndipo lilipolowa. Nilimpa 10,000 tulizokubaliana na 5,000 juu yake. Ile ya ziada aliirudisha akisema mama yake mkubwa alizaliwa kwa mikono ya mkunga wa misheni, na kwamba Pasaka na Idi kijijini kwao zinaliwa nyumba zote. Nusu ya ukoo wetu nao ni Waislamu. Hiyo ndiyo Tabora.

Ushauri: msimu huu usiende na viatu vya ngozi, na mpigie simu mwenyeji aitume bodaboda anayeijua njia.

Mama mdogo alinipokea na chai ya rangi na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Jioni tukaenda kwa mzee wa kanisa aliyekuwa akipiga tarumbeta pamoja na babu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umelileta?"

Alilifungua khanga kwa khanga, akalifuta, akavuta pumzi, akapiga noti moja ndefu. Akanyamaza. Akaita vijana wawili wa bendi, wakapiga noti ileile kwa matarumbeta yao mapya, naye akapiga pamoja nao. Hata mimi nisiyejua muziki niliumwa na masikio.

"Limepanda," alisema. "La zamani hili, sauti yake iko juu. Halikai na wenzake. Kesho haliwezi kuingia kwenye bendi."

Nilikuwa nimesafiri siku nne. Nilijitahidi nisilie mbele yake na sikufaulu. Mzee akanishika mkono, akasema tutalipatia kazi.

Usiku tulikaa jikoni. Mama mdogo alinisimulia habari ambayo mama yangu hakuwahi kunieleza. Bibi mzaa bibi alikuwa na mtoto mgonjwa wa degedege, zamani za Wajerumani zilipokuwa zimekwisha. Dawa za misheni hazikumsaidia. Ndugu zake wakampeleka kwa baswezi, watu wa chama cha jadi cha ngoma za mizimu, akachezewa ngoma usiku kucha. Mtoto akapona. Bibi mkubwa akatengwa na kanisa, akakaa nje ya Meza ya Bwana miaka mitatu, akiingia ibadani na kuketi benchi la nyuma karibu na mlango. Siku ya kurudishwa kundini alitubu mbele ya wote. "Alitubu kwa sababu alitaka kushiriki," alisema mama mdogo, "lakini mpaka anakufa alisema ngoma ile ilimponya mwanawe."

Hilo nalo ni urithi. Kanisa lilitupa shule, hospitali na maandishi, na kwa mkono uleule likatufundisha kuona haya mbele ya ngoma zetu. Baswezi na bayeye, wale wacheza nyoka, walikuwa na nyimbo, na nyimbo hizo mjini kwetu hazijulikani tena. Ninalipenda kanisa hili na ndiyo sababu inaniuma.

Kuhusu maandishi, mtoto wa jirani aliyekuwa akihesabu mahindi alisema "idatu", yaani tatu. Nikamweleza kwamba hiyo "d" yake inajulikana hadi vyuo vikuu vya Ulaya. Mmisionari wa Moravian, Edmund Dahl, alikaa Unyamwezi akajifunza Kinyamwezi, akaona kwamba "t" au "k" ikifuatwa na silabi yenye herufi ya namna hiyohiyo, ile ya kwanza hugeuka kuwa "d" au "g". Ndiyo maana "tatu" ya Kiswahili huku ni "datu". Wataalamu wa lugha za Kibantu wakaiita Sheria ya Dahl. Mwaka 1915 kamusi yake ya Kinyamwezi ilichapishwa Hamburg. Mtoto aliuliza, "Na yeye nani alimfundisha kusema idatu?" Mama mdogo akajibu, "Watu kama bibi yako."

Siku ya 5, Jumapili ya Pasaka

Saa 9 usiku niliamshwa na tarumbeta la babu. Peke yake, bila bendi. Mzee alikuwa akilizungusha kijijini, nyumba hadi nyumba, kuwaamsha watu waende makaburini. Likiwa peke yake halikuwa limepanda wala kushuka. Lilikuwa sauti tu, inakaribia, inapita nyuma ya zizi, inakwenda upande wa kisimani. Mbwa walibweka. Taa ya nyumba ya jirani yetu, sheikh mstaafu, iliwaka, akatoka mlangoni na kuinua mkono. Nilisimama uani nimejifunga shuka, na kwa dakika zile nilimsikia babu.

Ibada ya alfajiri makaburini Wamoravian waliianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, mwaka uleule walipotuma wamisionari wao wa kwanza ng'ambo. Kwetu watu wanafika gizani na tochi za simu, kila familia inasimama kwenye kaburi lake. Mchungaji anaita, "Bwana amefufuka," na makaburi yote yanajibu, "Amefufuka kweli kweli." Kisha majina ya waliolala tangu Pasaka iliyopita yanasomwa. Mwaka huu yalikuwa tisa. Jina la nne likisomwa, mama mmoja aliketi chini polepole, na wenzake wakaketi naye, bila neno. Bendi ikaanza jua lilipotokeza juu ya miombo. Bendera yenye mwanakondoo ilikuwa imesimikwa kwenye kichuguu, na maneno yake: Mwanakondoo wetu ameshinda, na tumfuate.

Kwa wageni: ukialikwa, nenda. Vaa kitu kizito, alfajiri ya Aprili ina baridi, na usipige picha wakati majina yanasomwa.

Chakula cha mchana kilikuwa ugali, kuku wa kienyeji, na mlenda uliotiwa karanga. Jioni bakuli la asali nyeusi ya mizinga ya magome. Lita moja niliuziwa 10,000, na nyingine nikapewa.

Siku ya 6, Jumatatu: Urambo

Kosta kutoka Usoke, 4,000. Mwalimu mstaafu, ambaye nilimuuliza njia tu stendi, alifunga duka lake la madaftari akanitembeza mchana kutwa.

Urambo ilikuwa nchi ya Mtemi Mirambo. Wamisionari wa London Missionary Society walifika kwake mwaka 1879, wakiongozwa na daktari Ebenezer Southon. Mirambo aliwakaribisha. Alitaka daktari na alitaka uhusiano na Waingereza, ubatizo hakuutaka. Southon alitibu watu miaka mitatu, kisha Julai 1882 akafa kwa jeraha la risasi iliyofyatuka kwa bahati mbaya. Mirambo mwenyewe alifariki Desemba 1884. Misheni iliendelea kujikongoja, waliobatizwa wakiwa wachache mno, hadi mwaka 1898 ilipokabidhiwa kwa Wamoravian kutoka Ujerumani.

"Sasa sikiliza," alisema mwalimu, amesimama kwenye kivuli cha mwembe. "Hao Wajerumani walikaa miaka kama kumi na minane. Septemba 1916 Wabelgiji wakaiteka Tabora. Wamisionari wakachukuliwa mateka, wakaondolewa. Nani alibaki na funguo?"

Walibaki waalimu na wazee wa makanisa. Walikuwa na Agano Jipya la Kinyamwezi, vitabu vya nyimbo, na njaa ya vita. Waliendelea kufundisha, kuzika na kusali, mpaka Wamoravian wa Denmark walipokuja kushika kazi miaka kadhaa baadaye. Nimesoma kurasa nyingi kuhusu misheni ambazo miaka hiyo zinaipita kwa sentensi moja, kana kwamba kanisa lilifungwa likangoja Mzungu mwingine. Babu alifundishwa kusoma na mmoja wa waalimu wale. Kama wangetupa funguo, nisingekuwa na tarumbeta la kurudisha. Kwangu mimi kanisa la Unyamwezi lilizaliwa miaka hiyo. Nusu karne baadaye, mwaka 1966, Teofilo Kisanji akawekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza Mtanzania wa Moravian, na leo chuo kikuu cha kanisa kule Mbeya kina jina lake.

Mwalimu alinionyesha pia shule aliyofundisha. Iliendeshwa na kanisa, ikachukuliwa na serikali baada ya sheria ya elimu ya 1969. Nilimuuliza kama iliwauma. Alisema iliwauma wazee, lakini tangu hapo watoto wa Kiislamu walikaa madawati yale bila mtu kuwauliza jina la ubatizo. Soda mbili alilipa yeye.

Nilitaka kwenda pia Sikonge kuona hospitali ya Moravian, lakini iko upande wa kusini wa Tabora, kama kilomita 70, na siku zangu zilikuwa zimekwisha. Mwenye siku mbili za ziada aanze huko.

Siku ya 7, Jumanne: Urambo hadi Kigoma

Basi, 28,000. Kaliua, Nguruka, daraja la Malagarasi, Uvinza. Mahali pa kusimamisha macho ni Malagarasi, maji mapana yamelala kwenye majani. Nguruka wanapandisha samaki wa kukaanga dirishani, chukua wa moto. Kigoma saa 2 usiku, mgongo umekufa.

Siku ya 8, Jumatano: Ujiji

Daladala kutoka mjini, kisha kutembea. Makumbusho ya Livingstone yapo chini ya miembe, mahali Stanley alipomkuta mwaka 1871. Ziwa limerudi nyuma, huoni maji ukiwa hapo.

Mwongozaji anaeleza vizuri habari za wale wawili. Nilimuuliza kuhusu waliokuja baada yao, akafurahi, akasema ni wachache wanaouliza. London Missionary Society walifika Ujiji Agosti 1878. Kiongozi wao, J. B. Thomson, alikufa mwezi uliofuata. Mwenzake, Edward Hore, alikuwa baharia, akalipima na kulichora ziwa zima. Mkewe, Annie, alikuja kutoka pwani mwaka 1884 na mtoto mdogo, amekalishwa kwenye kiti, wapagazi wakimbeba kwa zamu miezi kadhaa. Wabebaji tena. Huku Ujiji waliofuata dini yao walikuwa wachache. Mji ulikuwa wa Kiislamu na umebaki wa Kiislamu, na adhana ya adhuhuri ilinikuta bado niko chini ya mwembe.

Mama ntilie karibu na soko aliniuzia mgebuka wa mawese na ugali wa muhogo, 4,000. Aliposikia natokea upande wa Usoke aliuliza, "Kwa Wanyamwezi? Babu yake mume wangu alikuja huku na msafara kutoka huko, akiwa na mzigo kichwani, hakurudi." Akaniongezea kipande cha samaki, akaketi mbele yangu akitaka nimweleze kijiji kikoje siku hizi. Nikamwonyesha picha za makaburini. Alizitazama moja moja, na kwenye picha ya mzee na tarumbeta gizani akauliza kama ina sauti. Nilikuwa nimerekodi. Tukasikiliza mara mbili, wateja wakisubiri.

Nimerudi Dar kwa njia ileile. Safari nzima, nauli, gesti, chakula na sadaka, imenigharimu 486,000 bila asali. Mzee amepiga simu jana: mdomo wa kupulizia umelegea na anahitaji mwingine. Fundi wa Kariakoo anao wa 25,000. Nitautuma kwa kosta ya Usoke, na yule kijana wa bodaboda amekubali kuupeleka.